Tairi pana au jembamba? Njia zetu za Pwani zina jibu

Kuanzia Vanga mpaka Kiunga, ni shida kukuta kijiji ambacho baiskeli haijapata kuwa riziki ya mtu. Muuza mikate wa alfajiri, mchuuzi wa samaki anayekimbizana na jua, mchukuzi wa madafu, kijana wa kuuza maji kwa mitungi, na mzazi anayempakia mwanawe kumpeleka chuoni, wote hao wanategemea magurudumu mawili. Hata hivyo, mtu akenda dukani kununua tairi, aghalabu huuliza neno moja tu: bei gani? Upana wake, meno yake na upepo wake huachiwa bahati. Ni nadra sana mnunuzi kujiuliza tairi hilo litapita wapi.

Swali hilo ndilo nililokusudia kulizungumza leo, nami naliona kuwa si dogo. Njia zetu za Pwani si za aina moja. Mtu huondoka nyumbani kwenye mchanga, akapita mawe ya matumbawe, akaingia barabara ya changarawe, akatokea kwenye lami, yote hayo kabla jua halijapanda. Tairi linalomfaa mahali pamoja humwangusha mahali pengine. Na aangukaye na mzigo wa nazi haumii peke yake. Siku hiyo nyumbani kwake hapapikwi.

MTINDO MPYA

Katika miaka ya karibuni umezuka ulimwenguni mtindo wa baiskeli ziitwazo za changarawe. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni baiskeli ya mashindano ya lami, kwani usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Ukiisogelea ndipo utakapoona kwamba fremu na forki zake zimeachiwa nafasi kubwa, ili tairi la upana wa milimita 35 hadi 50 lizunguke bila kukwaruza. Imetengenezwa makusudi kwa mtu anayepita lami na vumbi katika safari moja.

Mashindano ya baiskeli hizi yamekuwa makubwa. Kule Kansas, Marekani, yako yale yaitwayo Unbound Gravel, ambayo yalianza mwaka 2006 kwa jina jingine. Mbio zake mashuhuri ni za maili 200, yaani kilomita zipatazo 320, juu ya vilima vya gumegume, jiwe ambalo likivunjika huwa kali kama wembe na hupasua matairi. Mwaka 2022 Shirikisho la Baiskeli Ulimwenguni lilifanya mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa changarawe huko Veneto, Italia. Hapa kwetu Kenya, mashindano ya Migration Gravel Race yalianza mwaka 2021 katika nchi ya Maasai Mara, ambako waendeshaji hupita vumbi, mawe na nyasi kwa siku 4.

Haiwezekani kuutaja mchezo huu bila ya kumtaja Mkenya mwenzetu, Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani. Alifariki dunia tarehe 27 Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walifunguliwa njia naye, na kifo chake kiliwahuzunisha waendeshaji wa nchi nyingi. Atajwapo mtu kama huyo, hukumbukwa pia kwamba baiskeli, pamoja na faida zake zote, ni chombo cha mwendo, na kila chombo cha mwendo kina hatari yake.

TAIRI LILITOKA WAPI

Tairi la upepo ni fikira ya watu wawili. Wa kwanza ni Robert William Thomson, Mskoti, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1845 kwa ajili ya magurudumu ya magari ya farasi. Fikira yake ilikuja mapema mno, ikasahauliwa. Wa pili ni John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, ambaye alimtengenezea mwanawe mdogo matairi ya upepo ya baiskeli ya magurudumu matatu. Alipata hati yake mwaka 1888, ingawa baadaye ilitenguliwa ilipogunduliwa kwamba Thomson alimtangulia. Kabla ya hapo baiskeli zilikuwa na mpira mgumu usio na upepo, na mwendeshaji alitikiswa mpaka mifupa ikamlia.

Jambo la kukumbuka ni kwamba Dunlop hakutengeneza tairi lile kwa ajili ya barabara nzuri. Alilitengeneza kwa sababu njia zilikuwa mbovu, na mtoto alikuwa akiumia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya tairi la upepo, tangu siku ya kuzaliwa kwake, ilikuwa ni kupita penye mashimo na mawe.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake katika habari za mpira. Mwishoni mwa karne ya 19, utomvu wa mtoria, ule mmea utambaao juu ya miti na ambao watoto hula matunda yake, ulikuwa bidhaa iliyopakiwa katika bandari za Afrika Mashariki kwenda ng'ambo. Baadaye mashamba ya mipira ya Asia yakaifunika biashara hiyo.

BAISKELI YA BABU ILIJUA

Sasa nitawaambia jambo litakalowachekesha. Vijana wanaonunua baiskeli za changarawe kwa fedha nyingi huambiwa kwamba tairi la milimita 40 ndilo la kisasa. Chukua baiskeli ya zamani, ile nyeusi ya chuma ambayo wengi wetu tumeizoea kwa jina la Black Mamba, kisha uinamie tairi lake usome ubavuni. Utakuta imeandikwa 28 x 1½, na kando yake 40-635. Ile 40 ndiyo upana wake kwa milimita. Babu zetu walikuwa wakiuendesha upana huo huo miaka na miaka, na mzigo juu yake.

Kilichotokea ni kwamba baiskeli za mashindano ya lami zilizidi kupunguza upana wa tairi mpaka ukafika milimita 23, na hata chini ya hapo, kwa dhana kwamba jembamba na gumu ndilo lenye mbio. Watu wa kawaida wakaiga. Hivi leo wanamichezo wenyewe wamerudi nyuma, wakapanua tena. Mvunja nchi ni mwananchi, na mrudia njia ya wazee hakupotea.

Lakini hapa pana onyo kwa mnunuzi. Ile namba ya pili, 635, ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia kwenye rimu. Baiskeli nyingi za changarawe zina 622. Tofauti yake ni milimita 13 tu, na kwa macho hutaiona, lakini tairi la moja halikai katika rimu ya nyingine. Yako matairi ya aina zote mbili yanayoitwa ya inchi 28. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa ni la inchi 28. Soma tarakimu tatu za mwisho, uzilinganishe na za tairi lako la zamani, ndipo utoe pesa.

HESABU YA UPEPO

Tairi halibebi mzigo kwa mpira wake. Mzigo hubebwa na upepo uliomo ndani. Tufanye hesabu nyepesi. Gurudumu la nyuma likiwa limebeba kilo 50, hizo ni pauni 110. Ukitia upepo wa pauni 55 kwa kila inchi ya mraba, basi tairi litaigusa ardhi kwa eneo la inchi 2 za mraba hivi. Ukipandisha upepo mpaka 110, eneo hilo litakuwa inchi 1 tu. Ukishusha mpaka 27 na nusu, litakuwa inchi 4. Huo ndio msingi wa mambo yote yatakayofuata.

Juu ya lami iliyonyooka, upepo mwingi una faida, kwa sababu tairi halibonyei sana, na kila kubonyea ni nguvu inayopotea. Juu ya mawe mambo hugeuka. Tairi gumu halimezi kokoto bali hulipanda, na kila likipanda humnyanyua mwendeshaji, baiskeli na mzigo wote, kisha huwaangusha. Nguvu ya kunyanyua hutoka katika miguu yako. Tairi lenye upepo wa kiasi huliacha jiwe liingie kidogo ndani ya mpira, baiskeli ikapita kama kwamba hapakuwa na kitu. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly la Marekani, ameandika mengi juu ya vipimo alivyofanya vikionyesha kuwa matairi mapana yenye ubavu laini hayapungui mbio kwa yale membamba. Yeye naye ni mfanyabiashara wa matairi, na msomaji ana haki ya kulitia hilo mizanini. Lakini mwelekeo wa wanamashindano wenyewe umemuunga mkono.

KUTOKA GEDE KUINGIA SOKOKE

Maneno ya vitabuni hayatoshi. Nilichukua matairi ya aina tatu nikayajaribu kwa zamu katika njia moja: la milimita 28 lisilo meno, la milimita 40 lenye meno madogo madogo, na la milimita 50 lenye meno makubwa. Uzito wangu ni kilo 68. Njia niliyoichagua ni ya kutoka lami ya Gede kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke nikiwa pamoja na mwongozaji wa msituni, kwani humo wamo ndovu, wala si mahali pa mtu kwenda peke yake kwa ujeuri. Njia hiyo ina kila kitu.

Kwenye lami tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Lile jembamba lilikwenda kimya na jepesi. La milimita 40 lilikuwa karibu sawa nalo. La milimita 50 lilinguruma kama nyuki mzingani, maana meno yake makubwa yalikuwa yakijipinda bure. Wako wanaodhani kwamba meno huzuia baiskeli kuteleza kwenye lami yenye maji. Sivyo. Gari la mbio kubwa linaweza kuelea juu ya maji, lakini tairi la baiskeli ni jembamba, la mviringo, na mwendo wake ni mdogo. Huyakata maji likaifikia lami. Kinachoteleza ni mafuta yaliyomwagika, mistari ya rangi na vifuniko vya chuma, na hapo hata meno hayasaidii.

Kwenye mawe ya matumbawe, yale yenye ncha ambayo kila mtu wa Pwani anayajua kwa nyayo zake, tairi jembamba liliadhirika. Mara mbili tyubu ilibanwa baina ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili yanayokabiliana. La milimita 40 lenye upepo wa pauni 35 lilipita salama, nami nilisikia mikono ikipumzika. La milimita 50 lilipita kama lililala usingizi.

Kisha ukaja mchanga mweupe wa upande wa mirihi. Huu ndio uliotenganisha wanaume na wavulana. Tairi jembamba lilizama, nikashuka nikasukuma. La milimita 40 lilianza kuyumba. Nilipolipunguza upepo mpaka 25 lilitulia, nikaendesha sehemu kubwa ya njia. La milimita 50 lenye pauni 20 halikunishusha ila mara moja. Mchangani meno hayana kazi kubwa. Wakati mwingine huchimba yakazidi kukuzamisha. Kinachokuokoa ni upana na upepo mdogo, kama vile unyayo wa ngamia ulivyo mpana ili asizame. Pia mwendeshaji asikamate usukani kwa nguvu. Aketi nyuma, azungushe pedeli kwa utulivu, na aiache baiskeli itafute njia yake.

Mbele zaidi ni udongo mwekundu wa upande wa magharibi. Ukiwa mkavu ni mzuri, na tairi lolote pana hupita. Ukilowa hunata. Hapo meno yaliyosongamana hujaa udongo yakawa kama hayapo, na udongo ukajikusanya chini ya forki mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Meno yanayofaa matopeni ni yale yaliyoachana, ambayo hujisafisha yakizunguka. Ndiyo maana nasema hakuna tairi la kila njia. Lipo tu tairi la njia unayopita mara nyingi zaidi.

UFUKWENI

Watu wa ufukweni wana barabara nyingine ambayo serikali haikuijenga. Maji ya bamvua yakipwa, hubaki uwanja mpana wa mchanga mbichi, mgumu kama sakafu, na hata tairi la kawaida hupita juu yake bila taabu. Lakini mtu asogee kidogo tu kuelekea mchanga mkavu wa juu, atazama. Na anayeendesha baharini akumbuke kwamba chumvi haina huruma. Baiskeli ioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, na mnyororo ukaushwe na utiwe mafuta. Mpira huvumilia chumvi, chuma hakivumilii.

MIBA NA DAWA YAKE

Adui mwingine wa tairi ni mwiba. Wenzetu wa Tana River wanaujua mti wa mathenge, ambao miba yake hutoboa hata kiatu. Baiskeli za kisasa nyingi hazina tyubu. Tairi hukaa limekaza kwenye rimu maalumu, na ndani yake hutiwa maji mazito ya utomvu wa mpira. Mwiba ukiingia, maji yale hukimbilia tunduni yakaganda, na mwendeshaji huenda asijue kama alichomwa. Pia tyubu ikiwa haipo, haiwezi kubanwa na jiwe, kwa hiyo mtu anaweza kupunguza upepo zaidi.

Lakini kila jema lina gharama. Maji yale hukauka baada ya miezi michache, na katika joto letu hukauka upesi zaidi, ikabidi kuongezwa. Tundu kubwa hayalizibi. Rimu za baiskeli za kawaida nazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa mchuuzi wa kijijini, tyubu yake, kiraka, gundi na pampu bado ni akiba bora, kwa sababu fundi yeyote chini ya mwembe anaweza kumtengenezea.

Na joto lina jambo jingine. Ukijaza upepo alfajiri kuna nyuzi 25 za joto, ukafika pauni 40, kisha ukaiacha baiskeli juani mpaka tairi likafika nyuzi 50, upepo huo huo utapanda mpaka kama 44 au 45. Kwa tairi zima si kitu. Kwa tairi kuukuu lenye ubavu uliopasuka, na lililojazwa mpaka mwisho, ndipo husikika mlio katikati ya soko. Ifunge baiskeli kivulini.

MWENYE MZIGO

Hayo ya kupunguza upepo ni ya mtu mwepesi asiyebeba kitu. Mitungi 4 ya maji ya lita 20 ni kilo 80, sawa na kumpakia mtu mzima, na karibu uzito wote huo hulemea gurudumu la nyuma. Kwa mzigo kama huo upepo wa pauni 35 hautoshi. Rimu itagonga jiwe ikapinda, na tairi litalala ubavu wakati wa kukata kona. Mwenye mzigo atie upepo wa nyuma mpaka karibu na kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, wala asikivuke. La mbele lisikazwe kiasi hicho, kwani halibebi mengi, na ndilo linaloshika njia na kumwongoza. Tairi bora kati ya mawili na liwekwe mbele. Tairi la nyuma likipasuka, mara nyingi mtu huwahi kusimama. La mbele likipasuka huanguka na uso.

Wala msiamini kidole gumba. Tairi kuukuu lenye mpira mnene huonekana gumu hata likiwa na upepo haba. Kipimo kidogo cha upepo ni kitu cha mara moja, na watu watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchangiana. Tazameni pia nyuzi. Zikianza kuonekana ubavuni, tairi hilo limekwisha, hata kama meno yake bado yapo. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Anayempakia mtoto kumpeleka chuoni juu ya tairi lililotoka nyuzi hajamfunga ngamia.

HAKI YA NJIA

Nimeeleza ya tairi, lakini njia nayo ina haki yake. Katika majaribio yangu, pancha mbaya kuliko zote hazikutokana na matumbawe wala na miti ya msituni. Zilitokana na chupa zilizovunjwa kando ya lami, misumari ya mbao zilizotupwa, na matawi ya miba yaliyokatwa uani yakasukumwa barabarani. Hayo hayakuletwa na mvua wala na bahari. Yaliletwa na mikono yetu. Dini yetu imekwisha kutufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani na ni sadaka. Sadaka hii haihitaji mali. Anayeinama kuokota kipande cha chupa mbele ya mlango wake huenda amemwokolea mchuuzi riziki ya siku nzima, na huenda amemwokoa mtoto aliyepakiwa nyuma, bila ya yeyote kati yao kumjua.